Ndege wa Masika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ndege Wahamaji Wanaopita Uganda

Maswali haya huulizwa zaidi kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Mei, wakati ndege waliokuwa nasi tangu Septemba wanapoanza kurejea kaskazini kwa kupitia nyanda kavu za Karamoja, nyanda za juu za Ethiopia na jangwa la Sahara. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni pana, na mengine hayahitaji zaidi ya sentensi chache.

Wakati wa masika ndege hawa wanakuja Uganda au wanaondoka?

Wengi wao wanaondoka. Mkanganyiko hutokana na kwamba habari nyingi kuhusu ndege wahamaji huandikwa Ulaya, ambako Machi na Aprili ni majira ya kuchipua, na ndege wanaoonekana huko miezi hiyo huelezwa kuwa wamerudi nyumbani. Hapa kwetu miezi hiyohiyo ni ya mvua za masika, ambazo Waganda huziita ttoggo, na ndicho kipindi cha kuwaaga.

Hata hivyo, neno "nyumbani" linahitaji kupimwa. Mbayuwayu anayezaliana Ulaya huanza kuonekana kwetu Septemba na huondoka kati ya Machi na Aprili, jambo linalomaanisha kwamba hukaa Afrika au safarini kuelekea Afrika kwa sehemu kubwa ya mwaka, na huko kaskazini hukaa muda wa kujenga kiota na kulea makinda tu. Kwa maoni yangu si haki kumwita mgeni. Ni mkaazi wetu anayesafiri kwenda kuzaa.

Wapo pia wanaokuja wakati wengine wanaondoka. Mbayuwayu wa buluu, ambaye yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, huzaliana katika nyasi za milimani za kusini mwa Afrika na hutufikia mnamo Aprili, akakaa hadi Septemba kwenye nyasi na vinamasi vya ukanda wa Ziwa Victoria, Mabamba ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Kirukanjia mwenye mapepea naye hupanda kaskazini baada ya kuzaa kusini, na dume huonekana jioni huko katika hifadhi ya Murchison akiburuta manyoya mawili marefu ya mabawani yanayopepea nyuma yake kama riboni. Korongo wa Abdim, mweusi mwenye tumbo jeupe, hupita akifuata mvua kuelekea Sudan na nchi za Saheli. Kwa hiyo anga la Aprili lina misafara miwili kwa pamoja: mmoja unaohama ndani ya Afrika, na mwingine unaotoka nje ya bara.

Nitamtofautishaje mbayuwayu mhamaji na yule anayeishi hapa mwaka mzima?

Mtazame kifuani. Mhamaji ana paji la uso na koo jekundu lililoiva kama tofali, na chini ya koo hilo kuna mkanda mpana wa buluu iliyokolea, usiokatika, unaotenganisha wekundu na tumbo jeupe au la rangi ya maziwa. Mbayuwayu wa Angola, ambaye huzaliana hapa Uganda na hujenga kiota cha tope chini ya paa, ana wekundu unaoteremka hadi kifuani, mkanda mwembamba uliokatika katikati, na tumbo la kijivu.

Mkia nao unaeleza tarehe. Mbayuwayu mhamaji hubadilisha manyoya yake yote ya mabawa na mkia akiwa Afrika, hivyo wengi wanaoonekana katikati ya msimu wana mikia mifupi na mabawa yenye mapengo, lakini ifikapo mwisho wa Machi nyuzi mbili ndefu za mkia huwa zimekamilika. Asubuhi moja ya Machi, baada ya mvua ya usiku, nilisimama chini ya waya wa umeme karibu na Entebbe ambapo mbayuwayu walikuwa wamebanana bega kwa bega wakijichambua. Mmoja alinyoosha bawa lake la kushoto mpaka mwisho, nami nikaona kwa darubini manyoya mapya yaking'aa kama wino mbichi, na katikati yao unyoya mmoja wa zamani, wa kahawia, ncha yake imesagika kama brashi iliyochakaa. Alikuwa bado na kazi ya siku chache kabla ya kuweza kuondoka. Usafiri wa ndege huyu hauanzi siku anapopaa. Huanza majuma mengi kabla, na kazi hiyo yote hufanyika hapa kwetu.

Hapa ikweta mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Wanajuaje kwamba wakati umefika?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na mara nyingi huulizwa na wanafunzi. Ndege aliyeko Ulaya huona siku zikirefuka waziwazi, lakini Kampala tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote ni dakika chache tu, kiasi ambacho ni vigumu kukitegemea kama kalenda.

Jibu ni kwamba ndege hubeba kalenda mwilini. Mtaalamu wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwaweka ndege wadogo wa vichakani wanaohamia Afrika katika vyumba ambamo taa ziliwaka kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12 siku zote, bila mabadiliko, kama ilivyo huku kwetu. Ndege hao, ingawa hawakuona majira yoyote, walinyonyoka manyoya na kuota mapya, wakanenepa, na ulipokaribia wakati wa safari wakaanza kuhangaika usiku, wakirukaruka na kupigapiga mabawa ndani ya tundu. Saa hiyo ya ndani haikubaliani kikamilifu na mwaka wa kalenda, hivyo mazingira huisahihisha, lakini ndiyo inayomwamsha ndege aliyeko kichakani Masindi na kumwambia kwamba theluji ya Urusi inakaribia kuyeyuka.

Pamoja na saa hiyo, hali ya chakula ina sauti yake. Mwaka 2011 pembe ya Afrika ilikumbwa na ukame mkali, na ndege waliotegemea kujilisha huko njiani, akiwemo mbwigu mgongo-mwekundu, yule mwindaji mdogo anayechoma wadudu kwenye miiba, walikaa muda mrefu kuliko kawaida wakitafuta cha kula. Matokeo yake, walichelewa kufika Ulaya kaskazini, na watafiti waliweza kuunganisha uchelewaji huo moja kwa moja na ukame wa huku. Mimi huuchukulia mfano huu kuwa ushahidi wa kutosha kwamba mvua yetu na majira yao ni kitu kimoja.

Ndege mwenye uzito wa gramu chache anavukaje Sahara?

Kwanza tuweke umbali mbele yetu. Kutoka Kampala kwenda moja kwa moja kaskazini hadi pwani ya Misri ni takriban kilomita 3,400, na katika hizo sehemu ya jangwa lenyewe, isiyo na maji wala mdudu wa kutosha, ni kati ya kilomita 1,500 na 2,000. Wale wafuatao mto Nile au pwani ya Bahari ya Shamu hupata unafuu mahali mahali, lakini wengi hulivuka jangwa kwa upana wake wote.

Masurufu ya safari hiyo ni mafuta. Kabla ya kuondoka ndege hula bila kupumzika, na mwili wake hugeuza wadudu na matunda kuwa mafuta yanayowekwa chini ya ngozi, ambayo ukipuliza manyoya ya kifua huonekana kama tabaka la manjano. Ndege mdogo wa matete ambaye kwa kawaida ana gramu 12 anaweza kufikia gramu 20 au zaidi. Mafuta hayo yakiunguzwa hutoa nguvu na pia hutoa maji kidogo mwilini, jambo lenye maana kubwa mahali pasipo kisima. Wakati wa safari hata utumbo na ini hupungua ukubwa, kwa sababu ndege asiyekula hana haja ya kubeba viungo vizito vya kumeng'enyea chakula.

Wengi huruka usiku, wakati hewa imetulia na imepoa, kisha alfajiri hushuka na kukaa kivulini mwa jiwe au kichaka kikavu hadi jua litue, bila kula chochote. Wengine hawashuki. Ndege wa matete mkubwa wa Ulaya, ambaye hupita pia kwenye vinamasi vyetu, aliwashangaza watafiti mwaka 2021 walipogundua kwamba akiwa juu ya jangwa huendelea kuruka hata mchana, na kwamba kunapopambazuka hupanda hadi zaidi ya mita 5,000. Kimo hicho ni sawa na kilele cha Margherita katika Rwenzori. Inawezekana hupanda ili akwepe joto la jua linalomchoma mgongoni, kwa kuwa huko juu hewa ni baridi sana.

Safari ya kwenda kaskazini ina ugumu wake wa ziada. Karibu na ardhi upepo wa Sahara huvuma zaidi kutoka kaskazini mashariki, yaani usoni mwa msafiri, hivyo ndege hulazimika kutafuta tabaka la juu ambako upepo ni mzuri zaidi. Asiyelipata hutumia mafuta mengi kuliko aliyokadiria. Ndiyo maana kila kinamasi kilichoko kabla ya jangwa, kuanzia kingo za Ziwa Victoria, mabwawa ya Teso, hadi Sudd huko Sudan Kusini, kina thamani ambayo haionekani kwa macho ya anayepita barabarani.

Je, milima mirefu ni kikwazo kwao?

Inategemea ndege. Korongo, tai na shakevale wana mabawa mapana na miili mizito, na wakijaribu kuyapiga mabawa safari nzima watachoka upesi. Wao husafiri kwa kuzunguka ndani ya hewa moto inayopanda kutoka ardhini, wakifika juu huteleza mbele hadi kwenye mkondo mwingine, na kupanda tena. Mlima huwasaidia, kwa maana upepo unaogonga mteremko hauna pa kwenda isipokuwa juu. Kingo za Bonde la Ufa upande wa Ziwa Albert na miteremko ya Elgon huwapa njia iliyo tayari, na ukitaka kuwaona ni bure kuamka alfajiri kwa ajili yao. Hukaa matawini wakisubiri ardhi ipate joto, na huanza kupaa mnamo saa tatu au saa nne asubuhi.

Kinachowazuia ni mawingu na mvua, siyo kimo. Rwenzori yenye mita 5,109 na Elgon yenye mita 4,321 hufunikwa na ukungu siku nyingi za Aprili, na siku kama hizo kundi zima la korongo linaweza kutua shambani na kungoja. Ndege wadogo wanaoruka usiku huizunguka milima hiyo au huipita juu bila mtu kuwaona. Wale wakaazi wa milimani, kama shorobo wa Rwenzori, hawaendi popote.

Karamoja ni nchi kavu. Kuna nini cha kuona huko wakati huu?

Kuna mengi, na ninakiri kwamba ni sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii. Mlima Moroto, wenye mita 3,083, na safu ya Morungole karibu na Kidepo husimama juu ya nyanda ambazo hadi Machi ni za majani makavu na vumbi, na mvua za kwanza za Aprili zinapolainisha udongo, wadudu hutoka kwa wingi usioelezeka.

Hapo ndipo keremkerem wa Ulaya wanapopita. Utawasikia kabla ya kuwaona, sauti laini inayoviringika, "prruup, prruup", ikitoka juu sana, na ukiinua macho utaona kundi la ndege wenye mabawa yaliyochongoka wakizunguka polepole huku wakielekea kaskazini. Wakishuka kula nyuki na nyigu, mgongo wa rangi ya hudhurungi na koo la manjano huonekana kama vimepakwa rangi asubuhi hiyo.

Lakini ndege wa Karamoja ninayemheshimu zaidi, aitwaye kwa Kiingereza northern wheatear, ni mdogo na hana rangi za kuvutia. Husimama wima juu ya kichuguu au jiwe, ana mgongo wa kijivu au kahawia, na akiruka kiuno chake cheupe hung'aa kama karatasi juu ya mkia mweusi. Baadhi ya ndege wa aina hii huzaliana Alaska. Watafiti waliwabandika wachache wao vifaa vyepesi vinavyorekodi mwanga wa macheo na machweo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba walivuka Asia yote na majangwa ya Arabia wakafika Afrika Mashariki, eneo linalojumuisha Sudan, Kenya na Uganda, safari ya takriban kilomita 14,500 kwa upande mmoja. Uzito wake ni gramu 25 hivi. Nimewahi kukaa kwenye mteremko wa chini wa Mlima Moroto nikimtazama mmoja akila siafu karibu na zizi, na kijana mchungaji akaniuliza, "Mwalimu, huyo naye anahama?" Nilipomweleza umbali, alinyamaza kidogo, kisha akawageuza mbuzi wake wapite upande wa pili wa kichuguu.

Ni kweli kwamba korongo huleta mvua?

Hapana, lakini waliosema hivyo waliona vizuri. Korongo huifuata mvua kwa sababu mvua hutoa chakula: nzige, viwavijeshi, panzi na kumbikumbi. Tazama siku ya kumbikumbi kijijini, pale watoto wanapokusanya nswa kwa masufuria, na juu yao wamejaa mbayuwayu, teleka na mwewe. Hata tai wa nyika za Asia, ndege mwenye mabawa yanayokaribia mita mbili kwa upana, hutua chini na kula kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku.

Tai na korongo hao hupitia wapi baada ya kutoka Uganda?

Kwa kuwa juu ya bahari hakuna hewa moto inayopanda ya kutosha, ndege hawa huikwepa Bahari ya Mediterania na kupita nchi kavu. Korongo weupe wa Ulaya mashariki hufuata Nile kwenda Sudan na Misri, wakavuka Sinai, Israeli na Lebanoni, kisha Uturuki na mlangobahari wa Bosporus. Kwenye kona ya Eilat, kaskazini mwa Ghuba ya Akaba, mamia ya maelfu ya ndege wawindaji hupita kila majira ya kuchipua. Tai wa nyika za Asia hufanya mzunguko wa kuvutia: wanapokuja kwetu wengi huingia Afrika kwa mlangobahari mwembamba wa Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ila wakati wa kurudi hupita kaskazini zaidi, Suez na Eilat, kabla ya kugeukia Kazakhstan na Urusi. Ndege huyo yuko katika daraja la walio hatarini kutoweka. Ukimwona, mtofautishe na tai wa kahawia wa hapa kwa kutazama mstari wa manjano wa mdomo: kwake unafika hadi nyuma ya jicho, kwa wa hapa unaishia katikati ya jicho.

Tulijuaje kwamba ndege wanaoondoka hapa ndio wanaoonekana Ulaya?

Ushahidi wa kwanza usiopingika ulikuwa wa uchungu. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimita 80 hivi umepenya shingoni. Alikuwa amechomwa huku Afrika na akaruka nao hadi huko. Mwili wake ulihifadhiwa, na hadi leo uko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya hapo walikuwepo wasomi wa Ulaya walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya tope la maziwa wakati wa baridi.

Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na shaka ikaisha. Siku hizi ndege wakubwa hubebeshwa vifaa vinavyowasiliana na setilaiti, na njia ya korongo mmoja inaweza kufuatwa siku kwa siku.

Nimeokota ndege mwenye pete mguuni. Nifanye nini?

Ikiwa yu hai, isome pete bila kuivua, piga picha, na umwachie. Ikiwa amekufa, usimshike kwa mikono mitupu. Andika herufi na namba zote kama zilivyo, pamoja na anwani au jina la nchi lililochongwa, tarehe na mahali, kisha peleka taarifa kwa shirika la Nature Uganda au kwa anwani iliyo kwenye pete. Pete ni ndogo sana na namba huzunguka, kwa hiyo piga picha kadhaa huku ukigeuza mguu. Tafadhali usiifanye pambo. Nimekutana na pete iliyovalishwa kwenye ufunguo wa pikipiki, namba zake zimefutika nusu, na safari yote ya ndege yule ikapotea nayo.

Ndege wahamaji wanaweza kutuletea magonjwa?

Hatari ipo, na hushughulikiwa kwa tahadhari ya kawaida. Januari 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalithibitishwa Uganda baada ya buabua wenye mabawa meupe kufa kwenye ghuba ya Lutembe, na kuku na bata nao waliathirika. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse wala kuwala, wazuie watoto na mbwa, na umwarifu ofisa wa mifugo wa wilaya. Kuwatazama kwa mbali hakuna madhara, na kuwaua au kuwafukuza hakupunguzi ugonjwa. Huwatawanya tu waende sehemu nyingine.

Niende wapi, na lini hasa?

Kama uko Kampala, nenda Lutembe, kilomita chache kutoka barabara ya Entebbe. Ghuba hiyo iliwekwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2006, na katika baadhi ya misimu buabua wenye mabawa meupe hukusanyika huko kwa mamia ya maelfu. Kuanzia Machi hubadilika rangi: mwili uliokuwa wa kijivu na mweupe hugeuka mweusi tii huku mabawa yakibaki meupe, na kundi likipaa kwa pamoja inaonekana kana kwamba mtu amekunjua shuka. Mabamba, ambako watu wengi huenda kumtafuta korongo mwenye domo la kiatu, yaani bulwe, ni pazuri kwa mbayuwayu wa buluu kuanzia Aprili.

Upande wa magharibi, ziwa la kreta la Munyanyange karibu na Katwe lina vitwitwi, ndege wa ukingoni mwa maji, wa aina nyingi, na heroe pia kabla hawajaondoka. Mashariki, mashamba ya mpunga ya Doho huko Butaleja hujaa ndege wa majini, na katika nyasi fupi za hapo utaona wale ndege wembamba wanaotikisa mkia, ambao madume yao Machi huwa na tumbo la manjano kali, huku vichwa vikitofautiana kulingana na wanakotoka: kijivu, cheusi au cha manjano. Shamba moja linaweza kuwa na wale wa Skandinavia, wa Balkani na wa Kazakhstan bega kwa bega. Kidepo na Moroto ni za Aprili mapema, kabla barabara hazijaharibika kwa mvua.

Nahitaji vifaa gani?

Darubini ya macho mawili yenye nguvu ya mara 8, daftari na kalamu. Simu yenye programu ya eBird itasaidia kuweka kumbukumbu mahali ambapo watafiti watazitumia. Andika hata ndege wa kawaida, na hasa tarehe ya mwisho uliyomwona mbayuwayu mhamaji, kwa sababu tarehe za kuondoka ni adimu kuliko za kuwasili. Mtu hutambua ndege anapofika, lakini kutokuwepo kwake hakutambuliki mpaka baada ya majuma.

Nini kinawatishia zaidi?

Kuondolewa kwa vinamasi, na hili liko mikononi mwetu. Kingo za Ziwa Victoria zinajazwa udongo kwa ajili ya majengo na mashamba, papyrus inakatwa, na malori ya kifusi huonekana mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na maji ya kufika magotini. Ndege aliyezoea kunenepa hapo haji kulalamika. Huondoka akiwa na gramu pungufu, na upungufu huo hudhihirika juu ya jangwa, kilomita elfu mbili kutoka hapa, ambako hakuna anayehesabu. Dawa za kuua wadudu hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine, kwa kuondoa chakula chenyewe, na nyama iliyotiwa sumu kwa ajili ya simba au fisi huua tumbusi na tai kwa pamoja.

Njiani kuna nyavu za kutegea ndege za pwani ya Misri na nyaya za umeme. Laini moja iliyojengwa karibu na Port Sudan katika miaka ya 1950 iliwaua tumbusi wa Misri kwa miongo kadhaa, hadi ilipozimwa mwaka 2014. Kuzimwa kwake kulitokana na watu waliotembea chini ya nguzo wakihesabu mizoga na kuandika.

Watarudi lini?

Mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Vitwitwi wanaozaliana kando ya mito ya Ulaya huanza kuonekana tena kwetu mwishoni mwa Julai na mapema Agosti, wakati wengine bado wanalea makinda huko. Wa kwanza huwa peke yake, kwenye jiwe la ukingoni au kwenye boti iliyoegeshwa, akitikisa sehemu ya nyuma ya mwili juu chini bila kukoma. Mbayuwayu hufuata Septemba, keremkerem husikika kuanzia Septemba hadi Oktoba, na korongo weupe hushuka mnamo Oktoba na Novemba.